Mashudu, Maganda na Mahali pa Kinu: Masalia ya Usindikaji wa Mazao Nachingwea na Ruangwa tangu 1946

1.0 Utangulizi

Katika maandiko ya uchumi ya miaka ya karibuni, uchumi rejelezi huelezwa kana kwamba ni uvumbuzi wa karne hii. Kwa maana yake nyepesi, ni utaratibu ambao kinachobaki baada ya kuzalisha bidhaa moja hakitupwi, bali huwa malighafi ya bidhaa nyingine. Mifano inayotolewa mara nyingi ni ya kampuni changa za ng'ambo zinazotengeneza vitambaa, gundi au rangi kutokana na mabaki ya viwanda vya chakula. Msomaji wa Tanzania anapokutana na mifano hiyo huachwa na picha kwamba jambo hili ni geni kwake na kwamba jukumu lake ni kujifunza.

Insha hii inaikataa picha hiyo kwa ushahidi wa wilaya mbili za Mkoa wa Lindi: Nachingwea, na Ruangwa ambayo hapo awali ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Hoja yake ni moja. Mazao makuu yaliyokusudiwa kuuzwa nje kutoka eneo hili, yaani karanga katika miaka ya 1940 na korosho baadaye, yalikuwa na masalia yenye thamani ya kiviwanda, na ujuzi wa kuyageuza kuwa kitu kipya ulikuwepo duniani kabla mazao hayo hayajashamiri hapa. Kilichoamua nani angenufaika na masalia hayo hakikuwa ujuzi wala uhaba wake. Kilikuwa ni mahali kinu kilipowekwa. Zao likisafiri ghafi, masalia yake husafiri nalo.

Lugha yenyewe inadokeza kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakuyahesabu masalia kuwa takataka. Nazi ikishakamuliwa tui hubaki chicha. Mbegu za mafuta zikishakamuliwa hubaki mashudu. Nafaka ikishakobolewa hubaki pumba. Mpunga ukishatwangwa hubaki wishwa. Kila kimoja kina jina lake, na kwa kawaida kina mlaji wake: kuku, ng'ombe, au shamba. Kwa upande mwingine, umajimaji mkali ulio ndani ya ganda la korosho hauna jina la neno moja lililokubalika. Wengine huuita utomvu, wengine mafuta ya maganda ya korosho. Ushahidi wa maneno ni dhaifu ukisimama peke yake, lakini haishangazi kwamba kitu ambacho hakikuwahi kukamuliwa na mikono ya wenyeji hakikupata jina mikononi mwao.

2.0 Karanga na Mashudu yake

Mpango wa Karanga wa Tanganyika ni miongoni mwa matukio yaliyoandikwa sana katika historia ya uchumi wa kikoloni Afrika Mashariki. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa United Africa Company, aliipelekea Serikali ya Uingereza pendekezo la kulima karanga kwa mashine katika maeneo makubwa ya Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikagua ardhi mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 1947 serikali ilichapisha mpango wake: zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe, zikigawanywa katika mashamba ya ekari 30,000 kila moja. Kati ya mashamba 80 yaliyopangwa Tanganyika, 55 yalikuwa ya Jimbo la Kusini, na kitovu chake kilikuwa Nachingwea. Kongwa ndiyo iliyopata sifa, na baadaye aibu, lakini kwa kipimo cha karatasi za awali mpango huu ulikuwa wa Kusini.

Matokeo yanajulikana. Matrekta yalichoka mapema, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikufuata ramani, na Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango kwa ukubwa wake wa awali umekwisha, ikifuta takriban pauni milioni 36. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lililosimamia mpango, alikuwa amekwishachapisha kitabu chake The Groundnut Affair mwaka 1950. Tangu hapo waandishi wengi wamejadili swali lilelile: kwa nini karanga hazikuota? Swali hilo ni halali, lakini limefunika jingine ambalo kwa utafiti huu lina uzito zaidi: kama zingeota, nini kingebaki Nachingwea?

Jibu linaonekana katika miundombinu. Fedha zilizotumika Kusini nje ya mashamba zilielekezwa hasa kwenye reli na bandari. Reli ilijengwa kutoka hori la Lindi kuelekea Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ilichimbwa Mtwara. Vyote viwili ni vyombo vya kutoa. Kinu kikubwa cha kukamua hakikuwa nguzo ya uwekezaji huo. Bandari ya Mtwara ilianza kazi baada ya mpango wenyewe kufa, na reli ilifungwa mapema katika miaka ya 1960, vyuma vyake vikang'olewa. Mashamba yaliyosalia yalikabidhiwa mashirika mengine, na namba zake zikabaki kuwa majina ya mahali. Msomaji wa historia ya ukombozi analifahamu Farm 17 kwa sababu ya FRELIMO. Si wote wanaokumbuka kwamba namba hiyo ni ya shamba la karanga.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu nusu ya pili ya historia hii iko Uskoti. Karanga ikikamuliwa mafuta hubaki mashudu yenye protini nyingi. Katika miaka ya 1930 wanasayansi wa Uingereza, wakiwemo William Astbury na Albert Chibnall, walionyesha kwamba protini hiyo inaweza kuyeyushwa, kuvutwa kuwa nyuzi na kugandishwa. Kampuni ya ICI iliuendeleza ujuzi huo katika kiwanda chake cha Ardeer, na uzi uliopatikana ukaitwa Ardil. Utaratibu wake si mgumu kuueleza: mashudu yaliyokwisha kuondolewa mafuta yaliyeyushwa katika magadi makali, umajimaji wenye protini ukasukumwa kupitia matundu membamba na kuingia katika asidi, ambamo uligeuka uzi, kisha uzi ukaimarishwa kwa fomalini. Ulikuwa laini, wa rangi ya maziwa, na ulichanganywa na sufu kutengenezea masweta, mablanketi na mazulia. Ardil haikuwa ya kwanza ya aina yake, kwani Waitalia walikuwa tayari wameuza Lanital, uzi uliotokana na protini ya maziwa. Lakini kwa historia ya Nachingwea ndiyo muhimu, kwani malighafi yake ilikuwa mashudu ya zao lilelile ambalo misitu ya Kusini ilifyekwa kwa ajili yake.

Kiwanda kikubwa cha Ardil kilifunguliwa Dumfries mwaka 1951, mwaka uleule ambao Mpango wa Karanga ulitangazwa kufa. Insha hii haidai kwamba karanga za Nachingwea zilifika Dumfries. Inachodai ni kwamba mgawanyo wa kazi ulikuwa umekwisha kukamilika vichwani: ardhi na jasho vitoke Kusini, mafuta yaende mezani Uingereza, na mashudu yawe sweta la Uskoti. Hata mpango ungefaulu kwa kila kipimo chake, mkulima wa Nachingwea asingeona mashudu.

Ni haki pia kusema kwamba Dumfries nako hakukuwa na ushindi. Ardil ilipoteza nguvu ilipolowa, nyuzi za kutengenezwa kwa kemikali za petroli zikashuka bei, na mwaka 1957 uzalishaji ulisimamishwa. Kinu kilikuwa karibu na soko, karibu na maabara, chini ya kampuni tajiri, na bado kilidumu takriban miaka sita. Jambo hili linapaswa kumzuia mtafiti asiyageuze masalia kuwa dhahabu kwa kalamu.

3.0 Ganda la Korosho

Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Zao la biashara la Kusini, hata hivyo, ni la karne ya 20, na lilikua mikononi mwa wakulima wadogo wakati macho ya serikali yalikuwa kwenye karanga. Kwa miongo kadhaa korosho ghafi zilisafirishwa karibu zote kwenda India, hasa katika viwanda vya Kollam, Kerala, ambako wanawake walizibangua kwa mkono.

Ili kuelewa nini kilisafirishwa, ni lazima kulitazama ganda. Korosho ghafi ikibanguliwa, kiini kinacholiwa ni takriban robo au pungufu ya uzito wake. Kilichobaki karibu chote ni ganda, nalo lina tabaka mbili ngumu zenye sifongo katikati. Ndani ya sifongo hiyo mna mafuta meusi mekundu yanayofikia robo hadi theluthi ya uzito wa ganda. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadiki, pamoja na kadoli na kadanoli. Ndiyo yanayochubua midomo ya mtoto anayejaribu kuvunja korosho kwa meno, na mwandishi wa insha hii, kama watoto wengi waliokulia kwenye mikorosho, alijifunza kemia hiyo mapema kuliko alivyotaka.

Yakichemshwa, asidi ya anakadiki hupoteza hewa ya kaboni na kuwa kadanoli, ambayo hushikamana na fomalini na kuwa utomvu mgumu usioyeyuka kwa joto. Katika miaka ya 1920 mkemia wa Marekani Mortimer Harvey aliigeuza tabia hiyo kuwa biashara. Matokeo yake yako katika breki za magari, ambako unga wa utomvu huu huongezwa ili breki ishike bila kuungua. Yako katika vanishi za kuzuia umeme, na siku hizi katika vigandishi vya rangi zinazopakwa kwenye mabati ya meli. Huenda baadhi ya meli zinazotia nanga Mtwara kupakia korosho ghafi zimekingwa na kutu kwa mafuta ya maganda ya misimu iliyopita.

Serikali huru ililiona tatizo la kuuza ghafi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua, vikitumia mitambo ya Kiitaliano na Kijapani na kwa sehemu kubwa mikopo ya Benki ya Dunia. Uwezo wake kwa pamoja ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Nachingwea ilipata kiwanda chake. Kwa mara ya kwanza kinu kilikuwa kimelifuata zao, si zao kulifuata kinu.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wanahistoria wa korosho hulipita haraka, nalo ndilo kiini cha suala la masalia. Viwanda vikubwa vya zama zile vilitumia kwa kawaida njia ya kuoga mafuta: korosho hupitishwa ndani ya beseni la mafuta ya maganda yenyewe, yaliyochemshwa hadi nyuzi 180 au 200 za Selsiasi. Ganda hupasuka, hutoa mafuta yake, na beseni hufurika. Kinachofurika hukusanywa katika mapipa na kuuzwa. Katika njia hii mafuta ya maganda si uchafu unaohitaji mradi wa kuuokoa. Ni zao la pili linalotoka bila kuitwa. Tanzania iliuza mafuta hayo nje. Kwa maneno ya leo, kiwanda cha namna hiyo kilikuwa sehemu ya uchumi rejelezi kabla neno halijabuniwa, ingawa mzunguko wenyewe haukufungwa nchini, kwa kuwa wanunuzi wa mapipa, wenye viwanda vya breki na rangi, walikuwa ng'ambo.

Viwanda viliwahi kuchelewa kuliko mikorosho. Uzalishaji ulifikia kilele cha takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha ukaanguka hadi takriban tani 17,000 msimu wa 1986/87. Sababu zinazotajwa ni bei ndogo kwa mkulima, Operesheni Vijiji iliyowahamisha watu mbali na miti yao, na ugonjwa wa ubwiriunga, ambao Kituo cha Utafiti cha Naliendele kilikuja kuonyesha jinsi ya kuudhibiti kwa salfa. Waandishi hutofautiana kuhusu sababu ipi ilitangulia. Kwa maoni ya mwandishi, mkulima aliyetengwa na mkorosho wake kwa mwendo wa saa mbili hakuhitaji ugonjwa ili auache, lakini ugonjwa ulihakikisha kwamba hakurudi. Vyovyote iwavyo, baadhi ya viwanda havikuwahi kufanya kazi ipasavyo. Vilipobinafsishwa kuanzia miaka ya 1990, vingi vilikuwa ghala, na hali ya majengo ya kiwanda cha Nachingwea imekuwa mada ya kudumu katika siasa za wilaya.

Ubanguaji uliofufuka baadaye, katika vikundi vya wanawake na viwanda vidogo, ulikuja na njia nyingine. Korosho huchemshwa kwa mvuke, hupoozwa, kisha hupasuliwa moja moja kwa kisu cha mguu na mkono, huku viganja vikipakwa mafuta au majivu visiungue. Njia hii ni rahisi, hutoa kiini cheupe chenye bei nzuri, na haihitaji beseni. Lakini mvuke haulikamui ganda. Mafuta hubaki ndani yake, na ganda hilo sasa limekuwa taka katika maana kamili: likirundikwa huchafua udongo, likichomwa chini ya boila hutoa moshi mkali unaowasha macho na kifua. Kuyatoa mafuta kunahitaji mashine nyingine ya kukamua, na mashine hiyo haistahili gharama kwa kikundi chenye magunia machache ya maganda kwa wiki. Hivyo teknolojia iliyorudisha ajira iliondoa zao la pili. Hakuna aliyekusudia hivyo, na ni vigumu kumlaumu yeyote, ila wanaohimiza viwanda vidogo na wanaohimiza matumizi ya maganda wangepaswa kujua kwamba mara nyingi wanahimiza mambo mawili yanayovutana.

Ujuzi haukukosekana hata hapa. Katika Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Egid Mubofu na wenzake wamechapisha kazi nyingi kuhusu kugeuza mafuta ya maganda ya korosho kuwa kemikali na vichocheo vya viwandani. Mtu anaweza kusoma kemia ya ganda la Nachingwea kwa undani Dar es Salaam bila kupata lita moja ya mafuta yake sokoni Nachingwea.

Ulinganisho na mkonge unasaidia. Katika mashamba ya Tanga, jani la mkonge huingia kwenye korona likatoa uzi ambao ni asilimia chache tu ya uzito wake. Mengine yote ni masalia. Huko Hale, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, kilijengwa kiwanda cha kutengeneza biogesi na umeme kutokana na masalia hayo. Iliwezekana kwa sababu jani la mkonge haliwezi kusafirishwa bichi. Asili yake imelilazimisha kukwanguliwa shambani. Korosho, kwa bahati yake mbaya, hukaa vizuri kwenye gunia kwa miezi mingi, na kitu kinachosafiri vizuri hakina nguvu ya kuvuta kinu.

4.0 Mabibo

Mabibo ndiyo masalia pekee ya korosho yaliyobaki wilayani wakati wote, kwa sababu huoza kwa siku moja au mbili. Bibo lina uzito unaozidi korosho mara kadhaa. Wanawake wa Kusini hulikamua wakapata uraka, au hulianika juani likawa kochoko la kuchachushwa baadaye, nje ya msimu. Hatua ya kukeneka pombe hiyo iliharamishwa kwa sheria ya mwaka 1966 kuhusu utengenezaji wa pombe ya moshi. Kwa hiyo sehemu ya usindikaji wa masalia iliyokuwa kweli mikononi mwa wenyeji, yenye soko, mtaji mdogo na ujuzi wa kurithishana, iliandikwa katika kumbukumbu za mahakama na polisi kuliko za viwanda. Madhara ya pombe hiyo kiafya ni ya kweli na insha hii haiyapuuzi. Hata hivyo, mtafiti anayedai kwamba wakazi wa Nachingwea na Ruangwa hawana desturi ya kugeuza masalia kuwa mali amefungua jalada lisilo lake.

5.0 Kipimo cha Gunia

Msimu wa 2017/18 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 300,000 za korosho, na sehemu kubwa iliuzwa ghafi India na Vietnam. Ganda likihesabiwa kuwa asilimia 70 ya uzito, zaidi ya tani 200,000 za maganda zilitokana na msimu huo, na nyingi ya hizo zilivuka bahari. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisomba, kwa kusudi la kuzibangua nchini. Vinu vilivyokuwepo havikutosha, na sehemu kubwa ya korosho zile hatimaye iliuzwa ghafi. Mjadala wa kitaifa wa wakati ule ulihusu bei, malipo ya kangomba na uhakiki wa mashamba. Ganda halikutajwa.

Halikutajwa kwa sababu halina bei, na halina bei kwa sababu ya namna korosho inavyopimwa. Katika biashara ya kimataifa ubora wa korosho ghafi huelezwa kwa uzito wa viini vizuri, kwa pauni, vinavyopatikana katika gunia la kilo 80. Korosho nzuri ya Kusini hufikia pauni 50 hivi, yaani karibu kilo 23. Kipimo hiki ndicho humwongoza mnunuzi mnadani anapoandika zabuni yake. Kilo 57 zilizosalia, ukiacha ngozi nyembamba ya kiini, unyevu na viini vilivyoharibika, ni ganda, nalo katika hesabu hiyo ni sifuri. Mwenye kinu cha Vietnam anayelikamua ganda hilo na kuuza mafuta yake halipi chochote kwa ajili yake. Humlipa mwenye meli kulibeba, na gharama hiyo huipunguza bei anayoweza kumpa mkulima.

Mkulima wa Naipingo hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, kisha huuzwa kupitia mnada wa chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Stakabadhi yake huonyesha kilo na daraja. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 stakabadhi hizo zimekuwa hifadhi nzuri ya data kwa mwanahistoria wa uchumi, na utafiti huu umezitegemea sana kama aina ya ushahidi. Hazina safu ya ganda.